Mafuta ya Taa ya Rukiah

Laini ya Polisi, Kampala
9 Machi 1975

Adero mpendwa,

Usinihesabie kosa kwa kukaa kimya. Tangu baba yako aache kazi ya reli mkarudi Kisumu, nimeanza kukuandikia mara nyingi nikachana, kwa sababu kila nikifika kwenye jina la Akidi mkono unakataa.

Mdogo wangu ameungua. Ilikuwa jioni moja mapema Februari, Mama yuko jikoni, Akidi akachukua kibiriti kuwasha koroboi kama anavyofanya siku zote. Koroboi haikuwaka, ililipuka. Moto ulimrukia kifuani na shingoni. Sasa ametoka hospitali, lakini ngozi ya shingo imejikunja na kidevu kimevutwa chini. Akitaka kukutazama anageuza mwili wote.

Mafuta tulinunua Old Kampala, katika lile duka lililokuwa la Mhindi wa vitambaa. Sasa amepewa kapteni mmoja wa jeshi, na mke wake Rukiah ndiye anayeuza. Nyumba nyingine hapa laini zimepata ajali hiyo hiyo, na zote ni wateja wake. Mama alikwenda kumwuliza. Mimi nilisimama nyuma yake, unanijua. Rukiah hakuacha hata kupima sukari.

"Mama Aber, mafuta yangu inawaka Kampala nzima. Ni nyumba yako tu inalipuka?"

"Si yangu tu. Ya Mama Ojara pia. Ya Marie-Louise pia."

"Basi nyinyi watu ya laini hamjui taa. Rudi kwenu mwashe kuni."

Foleni nzima ilicheka. Walikuwa wanataka sukari, Adero, siwalaumu.

Aliye mkali zaidi ni Baba. Sajenti Odoch akishaandika ripoti kichwani mwake haifutiki. Anasema Mama alijaza mafuta koroboi ikiwa bado inawaka, kwamba ni uzembe wake. Ndugu zake wamekuja kutoka Kitgum wakakubaliana naye. Baada ya mavuno ya kwanza Mama atarudishwa kwa kaka zake, na Akidi atabaki. Mama halii. Anasema tu, "Sikujaza ikiwaka." Anakata mboga, anasema. Anafua, anasema.

Wewe unafanya kazi kwa wakili. Muulize: mtu akiuziwa kitu kibaya kikamuunguza mtoto, sheria inasemaje? Nataka mtu ambaye Baba hawezi kubishana naye atamke kwamba ni mafuta, si Mama. Sitaki kingine.

Rafiki yako,
Aber


Kisumu
21 Machi 1975

Aber wangu,

Nililia kwanza, halafu nikakasirika. Hasira ina faida, leo nimepiga chapa kurasa nyingi bila kosa.

Nilingoja wakili Ogutu amalize karanga zake, maana kabla ya karanga hamsikilizi mtu, nikamsomea barua yako. Amesema hivi: watu wengi walioumizwa na kitu kimoja hawana haja ya kwenda mahakamani mmoja mmoja kama kuku wanaoingia bandani. Mmoja anashtaki kwa jina lake. Mahakama ikiruhusu, anakuwa amesimama badala ya wote, na wengine wanajulishwa kwa tangazo. Akishinda yeye, wameshinda wote. Nikamwuliza, na akishindwa? Akaniambia nirudi kwenye taipureta yangu. Sheria yenu na yetu, anasema, zilishonwa na fundi mmoja Mwingereza, kwa hiyo hata Kampala inawezekana.

Sasa sikiliza lililo kubwa. Mafuta. "Bila mafuta hakuna kesi, kuna hadithi ya jikoni," ndivyo alivyosema. Kila nyumba itunze yaliyobaki. Yawekwe ndani ya chupa ya kioo, kizibo kikazwe, na ubavuni kubandikwe karatasi: jina la mwenye nyumba, duka, siku aliyonunua, na ndani kuna nini. Andika wewe. Mwandiko wako unafanana na wa kitabu, wangu unafanana na kuku huyo huyo.

Na upite nyumba kwa nyumba, Aber. Najua utaanza kwa kusimama mlangoni ukingoja mtu akuone. Usingoje. Bisha.

Mwambie Mama yako namwamini. Akidi nimemtumia riboni ya njano, dereva Oduor ataileta.

Wako,
Adero


Laini ya Polisi, Kampala
8 Aprili 1975

Adero mpendwa,

Nimebisha. Mlango wa kwanza nilibisha polepole hata aliyekuwa ndani akadhani ni mbuzi, lakini iliyofuata ilikuwa rahisi.

Marie-Louise, yule Mzaire mke wa konstebo anayeuza mandazi Kalerwe, ndiye aliyenifundisha kupima. Mkono wake mmoja umeungua hadi kiwiko. Alimwaga tone juu ya mkono wake usioungua.

"Weka kidole. Baridi, eh? Mafuta ya taa haina baridi hii. Hii petroli, mtoto."

Akainua chupa dirishani. Mafuta yana wekundu, kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mengi. Rukiah amekuwa akituambia ni mafuta mapya ya ng'ambo, yenye mwanga mkali. Nyumba zote zilizoungua zina wekundu huo. Nimezifungia chupa vizuri na kuandika kila moja kama ulivyosema, na mwisho nimeandika: mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli.

Tumepata wakili, Bwana Cleopas, ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Aliposikia jina la kapteni alifunga mlango kwanza, ndipo akatukaribisha viti. Kisha akasema kesi ipo, na malipo tutazungumza baadaye. Aliuliza nani atasimama kwa jina lake. Wanawake wote walitazama sakafu. Mama akauliza, "Baba yake huyu atasikia hakimu akisema?"

"Atasikia, mama. Itasomwa mbele ya watu."

"Basi andika jina langu, Concy."

Nilimwambia Baba nikiwa natazama sahani. Alimaliza kula, akanawa. Halafu akasema, "Hakimu akisema ni mafuta, mama yako haendi popote. Nitamtaka radhi mbele ya laini nzima." Baba hasemi kitu mara mbili, wala harudi nyuma.

Lipo jambo moja tunalobishania. Hapa laini mke wa askari hamshtaki mtu kabla ya kuripoti kwa OC, mkuu wa kituo. Hata kuku akipotea, unaripoti. Bwana Cleopas anasema sheria haitaki hivyo, chupa ziende moja kwa moja kwa hakimu. Mama Ojara alimcheka.

"Wewe mwana, wewe ni raia. Sisi tukipita juu ya kichwa ya Afande, kesho bwana zetu wanahamishwa Karamoja."

Marie-Louise peke yake alisema hataki kwenda kwa Afande yeyote. Wakamwita mwoga, wakasema Wazaire ndivyo walivyo. Mama alisema jambo safi halifanywi kwa kujificha, na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Tutakwenda Jumatatu tarehe 21, na chupa zetu. Muulize wakili Ogutu kama kuna ubaya wowote, unijibu kabla ya siku hiyo.

Akidi anafunga riboni yako kila siku. Anaifunga chini, shingoni.

Aber


Kisumu
16 Aprili 1975

Aber,

Msiende.

Naandika haraka. Nilipofika kwenye neno "wekundu", wakili Ogutu aliacha kutafuna. Aliniomba nisome tena. Anasema petroli ya jeshi hutiwa rangi ili ikionekana nje ijulikane imeibwa. Ndiyo maana huyo kapteni hawezi kuiuza kwa wenye magari. Anaificha ndani ya mafuta ya taa ya maskini, inaungua na ushahidi wake.

Sasa fikiri, maana mimi nimechelewa kufikiri. Mkononi mwa hakimu, wakili akiwa pembeni, chupa hiyo inasema Rukiah aliwauzia. Mkononi mwa mtu mwenye sare, inasema nyinyi mnayo. Mpeni Bwana Cleopas zote leo hii, au mzimwage. Waambie wanawake niliwapa ushauri nusu. Waambie Marie-Louise ana akili kuliko sisi.

Oduor amezuiwa mpakani Malaba na lori lake. Barua hii naitia posta. Nimebandika stempu nyingi kuliko inavyotakiwa, kama kwamba zitaifanya ikimbie.

Adero


Laini ya Polisi, Kampala
22 Aprili 1975

Adero mpendwa,

Barua yako haijafika, lakini usijali, mambo yamekwenda vizuri kuliko tulivyotegemea.

Jana tulijipanga kwa vyeo vya waume, kama siku ya gwaride. Mama mbele kwa sababu ya usajenti wa Baba, kisha Mama Ojara, kisha wake wa makonstebo. Kila mmoja na chupa yake ndani ya kitambaa safi. OC alitoka mwenyewe. Aliagiza mabenchi, akaagiza chai. Mama alisimama mkakamavu akasema, "Afande, tumekuja kuripoti." Alieleza yote, la Akidi akalisema mwisho.

OC alifungua chupa moja moja, akanusa. Akasema, "Pole sana, mama zangu. Hii ni jambo kubwa." Hakuna mtu aliyekuwa amewaambia pole tangu Februari. Mama Ojara alifuta macho.

Akauliza, "Nani ameandika hii karatasi? Safi namna hii?"

Wanawake wote walinigeukia. Nilisema, "Mimi, Afande." Alisema serikali inahitaji wasichana kama mimi. Chupa zitabaki kwake kama vidhibiti, alisema, zisije zikavunjika njiani kwenda kortini, na kila mama amepewa karatasi yenye mhuri kwamba amekabidhi chupa yake. Wakati tunaondoka alimpa Mama mkono.

Njiani Mama alicheka kwa mara ya kwanza. Alipita mlangoni kwa Marie-Louise akasema, "Dada, umekosa chai." Marie-Louise alikuwa anakanda unga. Alisema, "Mama Aber, mimi chai hiyo nimeinywa kwetu." Hatukumwelewa. Alitukodolea macho tu.

Nadhani wakili Ogutu atafurahi. Mwambie karatasi zilifaa.

Aber


Kisumu
19 Mei 1975

Aber,

Nimepata barua yako ya tarehe 22. Tafadhali niandikie neno moja. Hata "nipo" inatosha.

Adero


Kisumu
30 Juni 1975

Aber wangu,

Bado kimya. Wakili Ogutu ananiambia nisiandike tena, lakini ana mazoea ya kuogopa. Kazi yake ni kuogopa kwa niaba ya watu. Oduor ameachiliwa, anasema Kampala ni ile ile, watu wanatembea, maduka yamefunguliwa. Basi nimejiambia kwamba mmeshinda. Nimejiambia Baba yako amesimama mbele ya laini akamtaka radhi Mama yako, mmefanya karamu, na wewe umepata kazi kwa yule OC aliyekusifu, ukawasahau wapiga chapa wa Kisumu. Kama ndivyo, nitukane tu, nitafurahi.

Mwambie Akidi riboni nyingine iko njiani, ya bluu.

Adero


Laini ya Polisi, Kampala
10 Agosti 1975

Adero,

Barua hii inaletwa na Marie-Louise. Anahama na mume wake, watapita Kisumu. Mpe maji na mahali pa kulala.

Barua yako ya Aprili ilifika, lakini Mama alikuwa ameshachukuliwa. Niliisoma nimesimama.

Wanajeshi walikuja mwezi wa tano na lori, asubuhi, wanawake wakiwa bombani. Waliwaita kwa majina kutoka kwenye chupa. Bwana Cleopas alikuwa ameahidi kufungua kesi wiki hiyo. Tulipokwenda kumtafuta, mwenye duka la viatu alituambia hajawahi kuwa na mpangaji juu.

Hawakupelekwa kwa hakimu. Walipelekwa mbele ya wanajeshi watatu, wale wanaohukumu mambo ya magendo, katika ukumbi wenye mapambo ya harusi ambayo hayakuondolewa. Wanawake walisimamishwa nje juani. Ndani waliitwa mashahidi tu.

Rukiah alikuja na pipa lake. Mafuta yake ni meupe sasa, kama maji. Aliwamiminia ndani ya glasi waone. Alisema wake za polisi wanajulikana, mabwana wanaiba petroli kwenye magari ya serikali, wao wanauza kwa chupa. Alisema yeye ni mfanyabiashara anayechafuliwa jina.

Kisha waliniita mimi. Chupa ya Mama ilikuwa mezani.

"Hii mwandiko yako?"

"Ndiyo, Afande."

"Soma."

Nilisoma mpaka mwisho, mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli.

"Una hakika iko petroli ndani?"

Adero, tangu Februari nilikuwa nangoja mtu mkubwa aniulize swali hilo. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo. Barua yako ilikuwa imeshafika, nilikuwa nimeisoma, nilijua. Lakini nilifikiri nikisema hapana, basi Mama ndiye aliyemuunguza Akidi, na Baba alikuwa ameketi pale pale, anasikia. Nikasema nina hakika. Nilisema kwa sauti. Nikawaeleza hata namna ya kupima, tone mkononi, baridi. Mmoja wao alijaribu, akatikisa kichwa kukubali.

"Na hii rangi unaijua?"

"Ni ya petroli ya jeshi. Ilitoka kwa kapteni, Afande, tulinunua..."

"Nimeuliza rangi tu. Mliweka nyumbani tangu lini?"

"Februari."

"Mkijua ni petroli?"

"Tulikuwa tunaitunza kwa ajili ya kesi."

"Mkijua?"

"Ndiyo."

Aliandika. Halafu alisema nimekuwa shahidi mzuri, niketi.

Baba aliulizwa kama petroli ni yake. Alisimama mkakamavu kama Mama alivyosimama kwa OC. Alisema, "Mimi nakuwa zamu. Mambo ya nyumba anajua mama." Cheo chake hakikuguswa.

Hukumu ilikuwa moja. Walifanya kama wakili Ogutu alivyosema: kesi ya wote kwa jina la mmoja. Waliwaingiza, wakasoma, "Concy na wenzake", miaka mitano. Mama Ojara aliuliza kwani wamesema nini, kwa sababu ilisomwa kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyemtafsiria.

Duka la Rukiah liko wazi. Tunanunua huko, hakuna kwingine. Anamkaribisha Akidi kwa biskuti, anamwita "binti yangu". Na Baba ametimiza neno lake kwa namna yake. Amewaambia ndugu zake ripoti yake ya kwanza ilikosea kidogo: si kujaza koroboi ikiwaka, ni kuweka petroli ndani ya nyumba. Imethibitishwa, anasema. Hata Aber amekiri. Akidi alikuwepo akisikia. Nimemweleza mara nyingi, taratibu, kutoka dukani hadi kwenye kibiriti. Ananisikiliza, halafu ananiambia, "Lakini petroli ilikuwa ya Mama." Nikimwambia twende tukamwone Mama, anageuza mwili wote kutazama ukuta.

Jumapili iliyopita waliniruhusu kuingia gerezani. Kuna waya katikati, na askari wa kike anayesikiliza. Mama amenyolewa. Hakuniuliza chakula wala sabuni.

"Waliingiza wewe ndani siku ile. Walikubali ni petroli?"

"Walikubali, Mama."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Na baba yako alisikia?"

"Alisikia. Hata yeye anasema ni petroli."

Mama aliegemea waya. Alicheka kidogo, Adero, kama alivyocheka njiani siku ile ya chai. Alimwambia yule askari wa kike, "Unaona? Nilisema." Halafu akaniambia miaka mitano ni miaka tu, watu wanazaa na kulea ndani yake.

"Basi Akidi amejua si mkono wangu."

"Amejua."

"Anasema nini?"

Nilimwambia anamsalimu, anamwombea, na anataka sana kuja ila kidonda bado. Mama alisema nisimlazimishe kutembea juani. Atangoja. Alisema sasa hana haraka.

Aber